Gari limeshtuliwa kwa betri ya gari jingine, sasa taa zinawaka na injini inazimika: nianze kupima wapi?

Muulizaji

Ndugu zangu, naombeni msaada kabla sijaanza kununua vifaa. Gari langu ni la petroli, injini ya silinda 4, gia otomatiki, na lilikaa siku 12 bila kuwashwa nilipokuwa safarini. Niliporudi halikuwa na umeme kabisa; hata taa ya ndani haikuwaka. Jirani alisogeza gari lake, akaleta nyaya za kushtulia, na kwa jaribio la tatu gari langu likawaka. Tulichomoa nyaya papo hapo, nami nikaliendesha dakika 40 nikiamini kwamba betri ingejichaji njiani.

Tangu hapo taa nyekundu ya betri haijazimika. Taa ya injini, ya ABS (breki za kuzuia magurudumu yasijifunge) na ya usukani ziliwaka karibu kwa pamoja. Injini inaponguruma bila kukanyagwa mafuta, mzunguko unapanda na kushuka, na mara mbili ilizimika nikiwa nimesimama kwenye makutano ya barabara. Vioo vya milango, ambavyo vilikuwa vikipanda hadi juu kwa kugusa kitufe mara moja, sasa vinanilazimu nishikilie kitufe. Asubuhi iliyofuata betri ilikuwa imekufa tena. Nilipogeuza ufunguo nilisikia tu tak-tak-tak-tak ya haraka kutoka upande wa injini.

Fundi wa kwanza, bila kupima chochote, ameniambia kwamba kompyuta ya injini imeungua. Wa pili amesema ni alternata, ile inayozalisha umeme injini ikizunguka, naye pia hakupima. Ninayo multimeta ndogo ya kawaida na ninaweza kufuata maelekezo kwa utulivu. Nianze wapi?

Fundi umeme

Pole sana, na umefanya vyema kusubiri. Usinunue kompyuta wala alternata leo.

Taa nne zikiwaka kwa wakati mmoja, tafuta kwanza kitu kimoja ambacho mifumo yote minne inakitegemea, na kitu hicho ni volti. Kompyuta ya ABS na ile ya usukani wa umeme hujizima zenyewe volti zinaposhuka kupita kiwango, kisha huandika kosa kwenye kumbukumbu na kuwasha taa. Usukani wa umeme hasa hula ampea nyingi kwa mkupuo, kwa hiyo mara nyingi huwa wa mwanzo kulalamika. Taa hizo hazikuambii kwamba vifaa hivyo vimekufa. Zinakuambia kwamba viliwahi kukosa chakula.

Hatua ya kwanza ni kuijaza betri kwa chaja ya ukutani, si kwa kuendesha. Alternata imetengenezwa ili kuitunza betri iliyo nzima na kuulisha mfumo gari likitembea. Ukiilazimisha kuijaza betri iliyokufa kabisa, inafanya kazi karibu na kikomo chake kwa muda mrefu na kupata joto kali, na dakika 40 hazitoshi hata hivyo. Betri ya 60 Ah (ampea-saa, kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi) iliyoisha, kwenye chaja ya ampea 6, huhitaji zaidi ya saa 10. Ichaji mahali penye hewa na mbali na cheche, kwa sababu hutoa gesi ya haidrojeni. Ikishajaa, iache ipumzike saa kadhaa, usiku mzima ikiwezekana, ndipo upime.

Unapopima, gusa risasi yenyewe ya kichwa cha betri kwa ncha za multimeta, usiguse kibano kilichoizunguka. Betri iliyojaa na kupumzika husoma 12.6 au zaidi kidogo, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu. Chini ya 12.0 imekaribia kuisha. Kisha mwambie mtu ageuze ufunguo wewe ukiwa unatazama: wakati stata inazungusha injini, volti zisishuke chini ya 9.6 hivi. Baada ya hapo, injini ikiwa imewaka, soma tena. Magari mengi hutoa kati ya 13.8 na 14.7. Usiponiletea namba hizi tatu, nitakuwa nabahatisha kama wale wawili.

Mlio wa haraka wa tak-tak-tak ni wa betri iliyoishiwa, au wa kichwa cha betri kilicholegea ama kuota kutu nyeupe: sumaku ya stata inavuta, volti zinaanguka, inaachia, inavuta tena. Ungekuwa mlio mmoja mzito kisha kimya, ningeishuku stata.

Swali moja ambalo naomba ulijibu kwa ukweli, hata kama linakera: wakati wa kuunganisha nyaya, kulitokea cheche kubwa? Je, una uhakika kwamba nyekundu haikugusa hasi hata mara moja?

Dereva wa siku nyingi

Kuna njia ya haraka ambayo sisi tumeitumia miaka mingi. Washa gari, kisha legeza kibano cha hasi cha betri na ukitoe wakati injini inanguruma. Gari likizimika, alternata ni mbovu. Likiendelea kunguruma, alternata ni nzima.

Mwalimu wa ufundi wa magari

Naomba muulizaji asifanye hivyo, na nasema hivi kwa heshima kwa ndugu aliyetangulia, maana kwenye magari ya zamani yenye kabureta watu wengi walifanya hivyo na kupona.

Betri ni zaidi ya ghala la umeme. Inatuliza pia mawimbi ya volti katika mfumo mzima. Ukiiondoa wakati alternata inazalisha ampea nyingi, alternata haiwezi kupunguza uzalishaji wake papo hapo. Kwa sehemu ndogo sana ya sekunde volti zinaruka hadi makumi mengi, na kwenye mfumo wa volti 12 usio na kinga zinaweza kukaribia 100. Wimbi hilo linaelekea moja kwa moja kwenye kompyuta, redio na dayodi za alternata yenyewe, yaani vipande vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu. Kipimo hicho kinaweza kukiua kile kile unachokipima. Isitoshe, jibu lake halina maana kwa gari la leo: alternata yenye dayodi moja iliyokufa bado inaweza kuiwezesha injini kunguruma.

Hilo ndilo linalonitia wasiwasi pia niliposoma kwamba mlichomoa nyaya papo hapo. Gari lililoshtuliwa liachwe na nyaya zake kwa dakika 5 au zaidi. Kabla ya kuchomoa, washa feni ya hewa na hita ya kioo cha nyuma, ili wimbi litakalotokea lipate mahali pa kwenda. Betri yako haikuwa na nguvu ya kulimeza.

Muulizaji

Ahsanteni wote. Sikulegeza kibano.

Nimechaji saa 14 na kuiacha betri usiku kucha. Asubuhi ilisoma 12.58. Stata ilipozungusha injini ilishuka hadi 10.4, na gari likawaka kwa mara ya kwanza bila msaada. Injini ikiwa inanguruma, betri inasoma 12.3, na baada ya dakika chache imeshuka hadi 12.1. Taa ya betri bado inawaka.

Kuhusu cheche: ndiyo. Kulikuwa kumeanza kuingia giza, na katika jaribio la kwanza nilikigusisha kibano chekundu kwenye hasi ya betri yangu, huku kile cheusi kikiwa tayari kwenye chanya. Kulitokea cheche kubwa ya bluu na mlio kama wa kupasuka, nikakiachia. Haikufika sekunde moja. Sikuliandika mwanzoni kwa sababu nilidhani kwa kuwa gari liliwaka baadaye, jambo hilo halikuwa na madhara.

Fundi umeme

Ahsante kwa kulisema, kwa sababu limetuokoa siku nzima ya kutafuta.

Betri yako ina nguvu: 10.4 wakati wa kuzungusha ni namba nzuri. Tatizo ni kwamba haipati chaji. Lakini kati ya "haipati chaji" na "alternata imekufa" kuna waya mnene, na kwenye waya huo kuna fyuzi kubwa. Ukiunganisha betri kinyume, dayodi za alternata hugeuka kuwa njia nyeupe isiyo na kizuizi, na mamia ya ampea hupita humo kwa kufumba na kufumbua. Fyuzi hiyo imewekwa ili ikatike kabla dayodi hazijayeyuka. Kwa hiyo kipimo kinachofuata ndicho kitakachoamua.

Injini ikiwa inanguruma, weka ncha nyeusi kwenye hasi ya betri. Ncha nyekundu iguse boliti nene iliyo nyuma ya alternata, ile yenye kofia ya mpira. Kuwa mwangalifu mno: fenibelti inazunguka karibu, kwa hiyo vua saa, kunja mikono ya shati, na ncha ya multimeta isiguse chuma kingine pamoja na boliti hiyo, maana utapiga shoti. Kama pale napo ni 12 au chini, alternata haizalishi. Kama ni 14 na ushee, alternata inazalisha na umeme unakwama njiani.

Muulizaji

Kwenye boliti ya alternata: 14.6. Kwenye betri, dakika hiyo hiyo: 12.0. Nimerudia mara tatu.

Fundi umeme

Basi alternata ambayo uliambiwa ununue iko kazini na inazalisha.

Zima gari. Toa kibano cha hasi cha betri kwanza, ndipo ufungue kisanduku cha fyuzi kilicho chini ya boneti. Fyuzi unayoitafuta haichomolewi kwa vidole kama zile ndogo. Imefungwa kwa skrubu au nati, na mara nyingi ina dirisha dogo la plastiki juu. Chungulia: utepe wa ndani ukiwa umekatika au dirisha limeungua na kuwa la kahawia, umeipata. Usiridhike na macho peke yake. Weka multimeta kwenye mlio na uguse ncha mbili za fyuzi: isipolia, imekatika.

Badilisha kwa fyuzi yenye namba ile ile iliyoandikwa juu yake. Usiweke waya, usiweke msumari, usiweke yenye namba kubwa zaidi. Nimewahi kuliona gari ambalo fyuzi hiyo iliwekewa kipande cha shaba, na mara ya pili lilipopata shoti, kilichoungua kilikuwa waya wenyewe pamoja na nusu ya nyaya za chini ya boneti.

Ukishaifunga, fanya kipimo kimoja zaidi ambacho wengi hukisahau. Geuza multimeta iwe kwenye volti za AC, zile zenye alama ya wimbi, na upime kwenye vichwa vya betri injini ikinguruma na taa kubwa zikiwa zimewashwa. Alternata nzima huacha wimbi dogo sana. Likizidi volti 0.5, kuna dayodi iliyojeruhiwa na ile cheche, hata kama chaji inaonekana sawa. Dayodi ya namna hiyo pia huweza kuvujisha umeme usiku na kuiua betri polepole.

Muulizaji

Fyuzi ilikuwa ya 100 A, na utepe wake ulikuwa umekatika katikati, ncha zote mbili zikiwa zimejikunja kama nywele iliyoguswa na moto. Nimeweka mpya. Sasa betri inasoma 14.3 injini ikinguruma, na kwenye AC nimepata 0.04. Taa ya betri imezimika. Ya ABS ilizimika nilipotembea mita chache.

Yamebaki haya: taa ya injini na ya usukani bado zinawaka, na mzunguko bado unapanda na kushuka. Nimeazima kifaa cha kusomea makosa, kimeonyesha P0562 kwenye injini, na kosa la kihisi cha pembe ya usukani kwenye mfumo wa usukani. Je, inawezekana kompyuta imeungua kweli?

Mwalimu wa ufundi wa magari

Sioni dalili ya hilo. P0562 maana yake ni kwamba kompyuta ya injini iliona volti za mfumo zikiwa chini, nasi tunajua zilikuwa chini na tunajua kwa nini. Kompyuta iliyoandika kosa sahihi, ikalihifadhi, na kuzungumza na kifaa chako ulipoiuliza, inafanya kazi yake. Andika makosa yote kwenye karatasi, yafute, kisha uendeshe siku mbili. Litakalorudi ndilo la kushughulikia.

Kihisi cha pembe ya usukani kimepoteza kumbukumbu ya mahali katikati ilipo. Kwenye magari mengi unawasha injini, unazungusha usukani taratibu hadi mwisho wa kushoto, kisha hadi mwisho wa kulia, halafu unaurudisha katikati na kutembea kidogo mbele. Mengine yanahitaji mashine. Vioo ni rahisi zaidi: teremsha kioo hadi chini, kipandishe hadi juu, na uendelee kushikilia kitufe sekunde chache baada ya kioo kufika. Fanya hivyo kwa kila mlango.

Suala la mzunguko linahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha. Kadiri gari linavyotembea, masizi hujikusanya kwenye mdomo wa throto, pale bamba la kupitishia hewa linapofunga, na nafasi ya hewa inapungua kidogo kidogo. Kompyuta huliona jambo hilo na kulifungua bamba zaidi, unywele kwa unywele, kwa miaka, na dereva hahisi chochote. Umeme ukikatika kabisa, kumbukumbu hiyo hufutika katika magari mengi. Kompyuta inarudi kwenye kipimo cha kiwandani, ambacho kilikuwa cha throto safi. Sasa throto ni chafu, hewa haitoshi, injini inakaribia kuzimika, kompyuta inafungua kwa hofu, mzunguko unapanda, inafunga tena. Huo ndio mwendo wa kupanda na kushuka unaouona. Uchafu ulikuwepo kabla ya betri kufa. Ulichokipoteza ni marekebisho yaliyokuwa yakiuficha.

Kabla ya kuigusa throto, kagua mipira ya hewa iliyo karibu na mahali mlipokuwa mmeinama kuunganisha nyaya. Mkono au kiwiko huchomoa mpira mdogo bila mtu kujua, na hewa inayoingia hapo huleta dalili zinazofanana na hizi. Ukiikuta mipira imekaa sawa, safisha throto kwa dawa yake na kitambaa laini. Usilisukume bamba kwa kidole wakati ufunguo uko wazi, kwa kuwa linaendeshwa na mota ndogo yenye gia za plastiki. Kisha ipashe injini joto hadi feni ya rejeta iwake, zima kila kinachokula umeme, na uiache ingurume bila kuguswa dakika 10 hivi. Baadaye washa kiyoyozi na uiache tena dakika chache. Baadhi ya magari yana utaratibu wao maalumu wa kujifunza upya, kwa hiyo kama hayo hayatoshi, fuata kitabu cha gari lako. Gia nazo zinaweza kubadilika kwa mshtuko kwa siku chache, zipe muda.

Angalizo moja: kama taa ya injini itaanza kupepesa na injini ikawa inamisi, simama. Petroli isiyoungua inaingia kwenye katalitiki, kile kisafishaji cha moshi, na kuiharibu kwa joto. Na kama ingekuwa taa ya mifuko ya hewa ndiyo iliyobaki, nisingekuruhusu uguse nyaya zake kwa multimeta kamwe.

Msomaji mwingine

Naomba kuuliza jambo ambalo halijajibiwa: kwa nini betri ilikufa mwanzo? Siku 12 si nyingi kwa betri inayotoa 10.4 wakati wa kuzungusha. Gari lililolala hula chini ya miliampea 50 kwa kawaida. Kwa siku 12 hiyo ni kama 14 Ah, na betri yenye afya inabakiza umeme wa kutosha kuiwasha injini. Hata taa ya ndani kukosa kuwaka maana yake kuna kitu kilikuwa kikinyonya zaidi ya hapo. Usipokitafuta, utarudi hapa baada ya safari ijayo.

Fundi umeme

Amesema kweli. Chomeka waya mwekundu wa multimeta kwenye tundu la 10 A, zima kila kitu, kisha fungua boneti na ulisukume komeo lake kwa bisibisi ili gari lidhani limefungwa. Funga milango. Toa kibano cha hasi na upitishe multimeta katikati ya kibano na kichwa cha betri. Subiri hadi kompyuta zilale. Dakika 30, pengine zaidi. Usifungue mlango wala kugeuza ufunguo wakati huo, fyuzi ya multimeta itakatika. Ukimaliza, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti mara moja, kwa sababu ukipima volti ukiwa bado kwenye tundu la ampea utakuwa umepiga shoti betri kwa mikono yako.

Ikizidi ampea 0.05, chomoa fyuzi moja moja hadi namba ishuke.

Muulizaji

Nimetumia siku tatu, na haya ndiyo matokeo.

Mpira mmoja mwembamba wa hewa karibu na throto ulikuwa umelegea nusu, nikaurudisha. Throto yenyewe ilikuwa na pete nyeusi ya masizi kuzunguka bamba; kitambaa changu kilitoka kama kimefuta chungu. Baada ya kuisafisha na kuiacha injini ingurume dakika 10, mzunguko umetulia kwenye 750 kwa dakika na haujazimika tena. P0562 haijarudi. Taa ya usukani ilizimika nilipozungusha usukani pande zote mbili. Vioo vimerudi.

Gari likiwa limelala, multimeta ilisoma ampea 0.45. Nilichomoa fyuzi 11 bila mabadiliko. Ya 12, ya taa za ndani, iliishusha hadi 0.03. Lakini taa zote za ndani nilizoziona zilikuwa zimezimika. Ndipo nilipoiweka simu ndani ya buti ikirekodi video, nikafunga, nikasubiri dakika moja. Video ilionyesha kila kitu: taa ndogo ya buti ilibaki ikiwaka baada ya kifuniko kufungwa. Kipande cha plastiki kinachoisukuma swichi yake kimevunjika. Ni balbu ya wati 5 tu, lakini inakula karibu 10 Ah kila siku, na betri yangu ni ya 45 Ah.

Nimetoa balbu kwa sasa. Jana usiku betri ilisoma 12.61, leo asubuhi 12.59. Nitaendelea kuipima kila baada ya siku mbili, na swichi mpya nitaifunga ikifika.

Fundi umeme

Ipime pia wakati stata inazungusha, si ikiwa imelala tu. Betri iliyoisha kabisa mara mbili hupoteza sehemu ya uwezo wake, na hilo huonekana inapobeba mzigo. Ikianza kushuka chini ya 9.6 ilhali imejaa, ibadilishe kabla ya safari ijayo. Na nyaya za kushtulia ukizihitaji tena: nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha kwenye chanya ya betri nzima, nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma tupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Kuchomoa ni kwa kurudi nyuma, ukianza na ile ya kwenye chuma. Chukua tochi.